Zahanati Mbili za Mshereheshaji

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeisimamisha milima hii bila kuuliza nani ataipenda na nani hataipenda, akaipa ukungu wa asubuhi na chemchemi katika kila bonde, na akanipa mimi umri wa kuona mambo yakianza na yakiharibika. Namshukuru kwa macho, ingawa yameona ambayo nisingeomba kuyaona. Namshukuru kwa majirani, wa msikitini na wa kanisani. Na rehema zimfikie Mtume wake, aliyetufundisha kwamba uongozi ni amana na si pambo.

Nataka kueleza habari za mtu mmoja. Jina lake silitaji. Nimefundisha watoto Kurani tangu nina ndevu nyeusi, na kila mwaka nimewaambia kwamba kumsengenya mtu ni kula nyama ya ndugu yako aliyekufa. Sitaki kukaa kwenye mlo huo uzeeni. Kwa hiyo nitamwita Mshereheshaji, kama wote tunavyomwita, na lawama yoyote iliyomo humu ameshaisikia kwangu, ana kwa ana. Kama hakuielewa, hilo ni jambo jingine, nami nitalifikia.

Kazi yake ilikuwa harusi. Alishika kipaza sauti kama wengine wanavyoshika jembe, akaishi nacho. Ukipanga harusi Lushoto mjini, au Vuga, au kule kwa Wakatoliki wa Rangwi, au hata bondeni Mnazi ambako jua linawaka na sisi wa milimani tunatokwa na jasho tukiwa tumekaa tu, ulimtafuta yeye kwanza, ndipo ukatafuta mpishi. Nakumbuka harusi moja ya mvua. Gari la bwana harusi lilikwama kwenye tope, na sisi tulikuwa tumeshakaa chini ya turubai tangu baada ya Alasiri. Wazee walianza kununa, mama wa bibi harusi alianza kulia. Mshereheshaji alisimama, akaanza kutuhadithia jinsi bwana harusi alivyokuwa anasukuma gari wakati ule ule, huku suti imegeuka rangi ya udongo wa mfinyanzi, na shemeji zake wakimwambia, "Sukuma, bwana, mahari ulilipa nusu." Alitushikilia mpaka Magharibi. Bibi mmoja ambaye alikuwa hajainuka bila fimbo kwa muda mrefu alisimama akacheza. Gari lilipofika, watu walisikitika kidogo kwamba limefika.

Siandiki hayo kwa kumdhihaki. Kufurahisha watu waliolowa ni sadaka.

Alikuwa na kumbukumbu ya ajabu ya majina. Alikujua wewe, mkeo, mkweo, na ng'ombe wako wa maziwa. Alikutana nawe siku ya gulio, umebeba karoti, hujaoga, akakuita kwa jina la baba yako mbele ya watu, ukajiona mtu. Misibani ndiyo usiseme. Alikuja kwetu Waislamu amevaa kofia, akaenda kwa Walutheri amevaa tai, na kote alilia machozi ya kweli. Mimi nimekaa karibu naye, nimeyaona. Alimtaja marehemu kwa jambo dogo ambalo hata wanawe walikuwa wamelisahau, jinsi alivyokuwa akikata majani ya ng'ombe huku anaimba, na pale watu wote walivunjika.

Lakini sikumwona hata siku moja akiwa ndani ya kaburi na chepeo. Alifika tulipokuwa tunasawazisha udongo. Nalisema hili bila chuki. Wapo wa kuchimba na wapo wa kuliza. Kosa ni letu tuliodhani kwamba anayetuliza vizuri atatuchimbia pia.

Alikuwa na msemo wake mmoja, na ukitaka kumjua chukua huo, mengine uache. Alisema, "Mtu asitoke mbele yangu amenuna." Aliushika kama mwingine anavyoshika hirizi yake. Na kweli, hakuna aliyetoka amenuna. Mkopeshaji na mkopaji walitoka wanacheka. Mke aliyekuja kushtaki mumewe alitoka anacheka, akarudi kwa mume yule yule, na jioni ikawa ile ile. Vijana walimpigia kelele njiani, "Zumbe! Zumbe!", yaani chifu, na yeye aliinua mkono kama mtu anayezuia mvua.

Huyo ndiye tuliyempa udiwani.

Aliyeshindana naye alikuwa mama mjane wa kitongoji chetu, aliyekuwa akisimamia zamu za maji ya mfereji. Ni mama mwenye uso mkavu, na zamu yako ikiisha alifunga maji hata kama wewe ni shemeji yake. Kwenye mkutano wa kampeni alisimama akasema, "Mimi sina wimbo. Zahanati itakuwa moja. Itakapojengwa, wengine watanikasirikia, na nimeshajiandaa." Akakaa. Kijana mmoja nyuma alipaza sauti, "Mama, cheka kidogo basi, hatukuja kukung'oa jino." Watu wakaangua kicheko. Halafu Mshereheshaji akapanda jukwaani na spika zake, na mama yule hakusikika tena mpaka leo. Kura zake zilikuwa chache kiasi kwamba watu walimwonea haya sokoni.

Sasa lazima nieleze habari ya zahanati, maana hapo ndipo mtu wetu alipopimwa.

Kwetu kuna vitongoji viwili vinavyotazamana, cha juu na cha chini. Cha juu, ninakokaa mimi, wengi ni Waislamu. Cha chini wengi ni Walutheri. Mgonjwa wa juu au wa chini hubebwa kwa machela mpaka barabara kubwa, na hapo husubiri gari la kumpeleka mjini. Serikali ilituambia kama inavyowaambia wengine: wananchi pandisheni kuta za boma mpaka kwenye linta, juu ya madirisha, sisi tutaezeka, tutaleta dawa na muuguzi. Lakini boma liwe moja.

Uwanja ulipatikana kwa dada yangu. Nyinyi msiotoka milimani hamjui ardhi tambarare ni nini. Mashamba yetu yote ni mteremko. Ukiangusha boga shambani kwako unalifuata kwa jirani. Dada yangu alikuwa na kipande kimoja tambarare, urithi wake, na hapo ndipo alipopanda maharage yaliyomlisha na kumsomeshea wanawe. Alikitoa. Hakusema nimewaazima tu. Alinileta mimi na wazee wawili, akakiweka wakfu kwa ajili ya wagonjwa wote, wa dini zote. Mkutano wa vitongoji viwili ulikubali, wa chini wakiwa na shingo upande kidogo, lakini walikubali. Mzee wa kanisa, rafiki yangu tangu utoto, aliyekuwa akija kwangu kila Idi kula pilau na mimi nikienda kwake kila Krismasi, ndiye aliyesema, "Mlima si mbali kama mtu anapanda kutibiwa."

Tukaanza msaragambo. Kila wiki siku moja, nyumba zote, wa juu na wa chini, tulibeba mawe kutoka mtoni. Wanawake walibeba kichwani, wakiimba. Diwani mpya akaja siku ya kwanza kabisa. Alivaa buti za mvua zilizong'aa kama vikombe vya kabatini. Akanyanyua jiwe, akaliweka begani, akageuka upande wenye mwanga, na vijana wakampiga picha kwa simu. Picha ile ilizunguka wilaya nzima. Watu wa Mnazi walituambia, "Nyinyi mna diwani bwana, anabeba mawe mwenyewe." Baada ya picha alilishusha jiwe pale pale aliposimama, katikati ya njia, akaenda kuwasalimia kina mama. Wanawake wenye mizigo wakawa wanalizunguka. Mpaka leo liko pale. Tunaliita jiwe la diwani, na wazee tukipanda tunapumzikia juu yake, kwa hiyo siwezi kusema halina faida.

Kuta zilifika madirishani. Ndipo vijana wa chini wakamwendea wakamwambia kwamba ingefaa zaidi iwe kwao, karibu na barabara, kanisa lina kiwanja. Jambo lilikuwa limeshaamuliwa. Neno moja lingetosha, na neno hilo ni hapana. Lakini wao walikuja wamenuna, na mtu hatoki mbele yake amenuna. Akawaambia, "Hilo nalo linawezekana." Wakashuka wanaimba. Kesho yake wakachimba msingi, naye akaenda kuuzindua, akiwa amevaa tai.

Sisi wa juu tukamwendea. Akatuambia, "Wazee wangu, kwani nani kasema ya juu imesimama? Endeleeni." Nasi tukatoka tumeridhika. Mungu atusamehe, tuliridhika.

Baada ya hapo wa chini hawakupanda tena kwenye msaragambo wetu, wala sisi hatukushuka kwenye wao. Watu waliokuwa wanatosha kujenga nyumba moja wakagawanyika kujenga mbili. Afisa mmoja wa halmashauri akaja, akatazama ng'ambo na ng'ambo, akasema, "Mkinipa moja mpaka linta, naezeka. Hizi nusu mbili sina la kuzifanyia." Tukaitisha mkutano, vitongoji vyote, kwenye uwanja wa shule, diwani aamue.

Ule mkutano sijawahi kuona mwingine mzuri kama ule. Alitusalimia kwa Kishambaa, "Onga mshi!", nasi tukaitikia mpaka bonde likarudisha. Akaimbisha. Akamtania mwenyekiti wa kitongoji cha chini kwamba akifa lazima kaburi liwe refu kwa sababu ya pua. Mwisho rafiki yangu mzee wa kanisa alisimama.

"Mheshimiwa," akasema, "tunaomba jibu moja. Juu au chini?"

"Mzee wangu," diwani akasema, "wewe una macho mawili. Nikikuambia uchague moja la kutoboa, utachagua lipi?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mzee wa kanisa naye alicheka, angefanyaje. Kisha diwani akaniomba mimi nifunge kwa dua, na mchungaji afunge kwa sala, akatukumbatia wote wawili, na mkutano ukaisha. Tulikuwa tumeshafika nusu ya mlima, tukiwa bado tunayarudia maneno ya pua na kaburi, jirani yangu aliposimama ghafla akauliza, "Kwani amesema wapi?"

 Tulipanda mpaka juu tukiyarudia maneno yake upya, tukilitafuta jibu.

Yaliyofuata ni mabaya na nitayapitia haraka. Mawe yalianza kupotea kwetu na kuonekana kwao, na ya kwao kuonekana kwetu. Vijana walipigana mtoni. Harusi ya juu haikualika wa chini tena. Idi iliyofuata nilipakua pilau la rafiki yangu, likapoa kwenye sahani. Krismasi sikualikwa, na kama ningealikwa sijui kama ningekwenda. Mtu mmoja tu aliendelea kushuka na kupanda, akialikwa kote, akipendwa kote: yeye. Aliziongoza sherehe za watu waliokuwa hawasalimiani, na kila upande uliapa kwamba ni wao anaowapenda zaidi.

Na dada yangu? Shamba lake likawa nyasi. Wenzake walimwambia, "Panda maharage, dada, mpaka watakapoamua." Alisema, "Nimeshampa Mungu. Nitamwomba anirudishie kwa msimu?" Wakfu haurudi, na yeye alilijua hilo kuliko waliokuwa wakimshauri. Kila msimu alikaa barazani akiyatazama majani yakiota ndani ya vyumba visivyo na paa, kisha akatuma kununua maharage gulioni, ya watu wengine.

Mwaka wa jana wakati wa masika aliteleza uani, nyonga ikavunjika. Tukamfunga kwenye machela. Njia ya kushuka inapita ubavuni mwa boma la juu, halafu inapita mbele ya boma la chini. Mvua ilikuwa inanyesha, vijana wanateleza, naye ameuma upindo wa kanga asipige kelele. Tulipofika barabarani, tukimsubiria gari, akafungua mdomo mara ya kwanza.

"Nimepita zahanati mbili," akasema, "na hakuna hata moja iliyoniuliza naumwa wapi."

Vijana wakainamisha vichwa. Mimi nilicheka, kisha nikainamisha changu.

Alipona, kwa rehema za Mungu, ila sasa anatembea kwa fimbo na hawezi kufika kwenye uwanja wake.

Mwezi uliopita Mshereheshaji alikuja kwangu. Amenenepa kidogo, na sauti imezidi kuwa nzuri. Alikuja na gari la magurudumu makubwa, la aina inayoweza kupanda njia yetu wakati wa kiangazi tu, lenye spika juu ya paa, na kundi la watu, maana sasa anataka ubunge, na kila mtu wilayani anasema ataupata. Ile picha ya jiwe begani imebandikwa mlangoni mwa gari. Akavua viatu, akaingia, akapiga goti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Nimekuja kwa mzazi wangu kuchukua dua. Siwezi kutoka milimani bila dua yako."

Dada yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka pembeni, anachambua mchele. Akamwamkia na yeye, akamuuliza nyonga inaendeleaje, akakumbuka hata jina la mganga wa mifupa aliyemkanda. Nilimwona dada yangu uso ukianza kulegea, nikasema kabla sijalegea na mimi.

"Mwanangu, nitakuombea. Lakini nina maneno. Ulipewa watu wa vitongoji viwili wanaokula pamoja, leo hawazikani. Ulikuta kuta zimefika madirishani, leo ziko hapo hapo. Wewe si mwizi, na mimi sijasema umeiba. Wewe unaogopa sura za watu. Mtu anayeogopa sura za watu asiombe kuwaongoza, aendelee kuwachezesha."

Watu wake mlangoni wakatazamana. Yeye hakukasirika. Laiti angekasirika.

"Mwalimu, umenilea," akasema taratibu, na macho yakajaa maji. "Maneno yako ni dawa."

"Basi dawa uinywe. Zahanati itajengwa wapi?"

Akafungua mdomo. Dada yangu akaacha kuchambua.

"Sema moja tu, mwanangu," akamwambia. "Hata ukisema chini. Shamba langu limeshakwenda kwa Mungu, halinidai. Sema chini, nami nitasikia kwa masikio yangu, na nitawaambia wa huku wakabebe mawe. Sema tu."

Nilimtazama dada yangu, maana hata mimi hakuwa ameniambia kwamba amefika huko. Alikuwa ameinua uso kama mtu anayesubiri majibu ya kipimo. Na naapa, kwa muda mfupi nilidhani kijana atasema.  Akageuka mlangoni, akawatazama watu wake, wa juu na wa chini wamesimama pamoja kwa ajili yake. Akarudi kwetu na lile tabasamu, akamshika dada yangu mikono yote miwili, mchele ukamwagika.

"Shangazi," akasema, "nikipata ubunge, zitaisha zote mbili."

Wa mlangoni wakapiga makofi.

Dada yangu akaitoa mikono yake polepole, akainama kuokota mchele, punje kwa punje.

Nilikuwa nimeahidi dua, na ahadi ni deni kwa sisi tuliofundishwa hivyo. Nikainua mikono. Kwa kawaida naomba kwa Kiarabu. Siku hiyo niliomba kwa Kiswahili, kwa sauti, kila mtu asikie. Nikasema, "Ewe Mola, mja wako huyu umempa ulimi wa kupendwa. Mpe na ulimi wa kukataa. Na mpaka utakapompa huo, usimwongezee watu."

"Amina," akasema Mshereheshaji.

Aliisema kwa ile sauti. Ilitoka chini kifuani, ikajaa chumba, ikatoka mlangoni, na watu wote uani wakaipokea: amina, amina. Amina yake ilipendeza kuliko dua yangu. Akanibusu mkono, akavaa viatu vyake, na gari likashuka likiimba, kupita boma la juu, kisha boma la chini, na kote tukasikia vigelegele.

Dada yangu alikuwa bado anaokota mchele.

"Amesikia ulichoomba?" akauliza.

"Amesikia sauti yake," nikasema.

Nawe uliyenisoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akujaalie afya, na siku utakapougua akufupishie njia ya kufika kwa tabibu. Akupe majirani wa kula nao sikukuu zako na zao. Akupe kiongozi ambaye siku moja utatoka mbele yake umenuna, na mwaka unaofuata umpelekee maharage ya kwanza ya shamba lako. Amina, na uiseme polepole.